Mpira Uliosahau Ufunguo

"Nereida, wewe uliyekuwa polisi hebu niambie. Mpira unaweza kusahau ufunguo nyumbani, ukarudi kuuchukua?"

Swali hilo aliliuliza Doña Casimira mwezi wa Desemba, akiwa juu ya paa la nyumba yake, paa linaloutazama uwanja wa besiboli wa San Onofre upande wa kituo cha tatu. Nereida Brito alikuwa akipita chini na mkate kwapani. Alicheka. Akamjibu, "Labda mpira wenye mke mkali, Doña," akaenda zake kabla kahawa haijapoa.

Wiki saba baadaye, Jumatano asubuhi, swali lile lilimrudia akiwa amesimama mlangoni kwa Don Ulises Maynard, mwamuzi wa besiboli kwa miaka thelathini na mmoja. Kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjwa. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: RUDI KISIWANI KWENU.

"Kisiwa gani?" Don Ulises alisema, akimfungulia. "Mimi nimezaliwa nyuma ya kiwanda hiki cha sukari. Babu yangu ndiye aliyetoka Nevis. Basi wamwandikie babu, yuko makaburini, hana haraka."

Alikuwa mrefu, mweusi, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha juu. Alimpa Nereida kahawa na kiti kizuri, yeye akakalia kile chenye mguu mbovu.

Nereida alikuwa sajini mstaafu, na sasa alifanya upelelezi wa Ligi kila ilipomhitaji. Alitoa bahasha.

"Don Ulises, sikufichi. Nimetumwa nikuletee barua hii utie saini. Imeandikwa kwamba Jumapili macho yako yalikosea. Ukitia saini, unastaafu na pensheni yako. Usipotia, kesho saa sita mchana Ligi inalifuta jina lako kwenye orodha ya waamuzi, na itatangaza kwamba uliuza fainali."

"Na wewe unaamini niliuza?"

"Mimi siulizwi ninachoamini. Naulizwa nimeona nini. Jumapili niliona migongo ya watu. Niambie wewe uliona nini."

Mzee hakugusa bahasha. "Awamu ya tisa, bao tatu kwa tatu. Mtu wa Majogoo, wale wageni, yuko kituo cha tatu. Mpigaji wao haupigi mpira, anaugusa tu kwa gongo, unadondoka taratibu na kubiringika kando ya mstari. Wachezaji wetu hawakuushika. Waliuacha utoke wenyewe, maana ukitoka nje ya mstari ukasimama huko, au mtu akaugusa huko, umekufa na hakuna bao."

"Na ukatoka."

"Ukatoka kiasi cha kiganja, haukusimama. Ukarudi, ukakaa juu ya chokaa kama kuku juu ya yai. Ukiwa juu ya chokaa ni hai. Yule wa kituo cha tatu akafika kituo cha nyumbani, bao la nne. Zamu yetu ya mwisho haikuleta kitu. Majogoo mabingwa."

"Redio inasema uliduwaa. Inasema hata neno hukutamka, kama mtu aliyeshikwa na dhamiri."

Kwa mara ya kwanza Don Ulises alipandisha sauti. "Yule wa redio ametangaza besiboli miaka kumi na bado hajui? Mpira mfu ndio unaopigiwa kelele. Mpira hai hauna neno! Mwamuzi ananyoosha mkono kuelekea ndani ya uwanja, basi. Nilinyoosha mkono mpaka bega likaniuma. Walitaka niimbe?"

"Jana Don Rogelio, mwenyekiti wa klabu yetu, aliita waandishi wa habari. Mbele yao alibiringisha mipira ishirini kwenye mstari ule ule. Yote ishirini ilitoka nje. Hata mmoja haukurudi."

"Nimesikia. Hilo siwezi kulieleza." Mzee akaisukuma bahasha ikamrudia Nereida. "Lakini siwezi kuandika kwamba sikuona nilichokiona. Kawaambie hivyo. Na kahawa yako inapoa, Sajini."

Nereida akainywa yote. Hakuna aliyeondoka nyumba ile akiacha kahawa, hata wiki hii.

* * *

Uwanjani hapakuwa na mtu ila Persio Tavárez, mtunza uwanja, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kusuka upya ufagio wa nyasi. Funguo zake kumi na kitu zilining'inia mkandani. Mikono yake ilikuwa na nyufa nyeupe za chokaa ambazo sabuni ilishakata tamaa nazo.

"Mchana mwema, Sajini. Umekuja kubiringisha na wewe? Jana Don Rogelio alitulia hapa kama anacheza na wajukuu."

"Nipe mpira."

Alibiringisha mara sita. Mara sita mpira ulikwenda sambamba na mstari, kisha ukauacha na kutoka nje, wala haukutazama nyuma. Alipiga magoti, akalaza shavu karibu na ardhi, akatazama usawa wake. Palikuwa tambarare kama meza ya altare.

"Umeridhika?" Persio aliuliza.

"Mstari mzuri huu. Mweupe."

"Nimejifunza kwa marehemu baba."

"Umeuchora lini?"

Ufagio ukasimama. "Si... kama kawaida."

"Kawaida unachora kabla ya mchezo. Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumapili. Watu wote wale waliruka ukuta, wakaukanyaga mstari huu mpaka wakabeba chokaa kwenye viatu. Mimi mwenyewe niliikuta kwenye zulia la sebuleni. Sasa msimu umekwisha, hakuna mchezo mpaka Oktoba. Nani huyu anayevalishwa nguo nyeupe?"

"Don Rogelio alitaka pawe pasafi waandishi wakija."

"Aha." Nereida alisimama, akapangusa magoti. Jibu lilikuwa jema. Alitaka kulikubali. Lakini alivuka hadi upande wa pili, kwenye mstari wa kituo cha kwanza, na huko chokaa ilikuwa imechakaa na kukanyagwakanyagwa vile vile kama watu walivyoiacha Jumapili.

Alitoa kisu kidogo cha kumenyea machungwa, akakichoma chini na kukata kipande cha udongo kama mtu anayekata keki ya kipaimara. Akakiinua kwenye mwanga. Nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu: tabaka juu ya tabaka. Kila mchezo tangu Oktoba ulikuwa umelaza chokaa yake, ukamwagiwa maji, ukapitishiwa roli la kushindilia.

Akarudi upande wa tatu, akakata vile vile. Juu nyeupe, unene wa ukucha. Chini yake udongo mwekundu mtupu.

"Persio," alisema bila kugeuka, "upande wa kwanza umechezewa michezo thelathini. Huu wa tatu umechezewa mingapi?"

Akasikia funguo tu, zikienda haraka kuelekea chumba cha vifaa.

* * *

Doña Casimira alikuwa juu ya paa anageuza mbaazi juani. Hakushuka. Nereida alilazimika kupanda ngazi.

"Umeleta mkate?"

"Nimeleta swali lako la Desemba."

"Ewaa! Ulinicheka."

"Nilikucheka, nisamehe. Mpira gani ulikuwa unasahau ufunguo?"

"Wa kwetu, mwanangu! Wakata-Miwa. Wale vijana wetu hawana nguvu za kupiga mbali, ila wana miguu. Basi kazi yao kugusa, kugusa tu, mpira unabiringika upande huu wa kwangu. Unafika mstarini, unatoka, unasita, unafikiri, unarudi. Msimu mzima. Mimi nikasema, Bikira anawapenda." Alitupa kokoto iliyojificha kwenye mbaazi. "Jumapili wa Majogoo naye akagusa, na wake ukarudi. Watu wanalia wizi. Nikasema moyoni, alaa! Kumbe Bikira hachagui."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waandishi wote walikuwa kwa Don Rogelio, ndiko kulikuwa na ramu."

"Na Jumatatu uliona mtu yeyote uwanjani?"

Doña Casimira alimtazama kama aliyeuliza jua huchomoza wapi. "Jumatatu ilikuwa Januari ishirini na moja! Nilikuwa Higüey miguuni pa Bikira wa Altagracia, kama Mkristo yeyote. Mtaa mzima huu ulikwenda, hata mbwa walibaki peke yao. Nani atashika jembe siku ya Bikira? Mkono ungemkauka."

Nereida alifunga kidaftari chake. "Mtu mmoja alishika."

"Yesu wangu. Nani?"

"Doña, hii ni siri ya Ligi."

"Basi ni Persio," alisema Doña Casimira. "Mkewe alikuwa kwenye basi letu peke yake, na wale hawajaachana safari ya Higüey tangu waoane. Akasema mumewe anaharisha. Mbaazi hizi chukua kidogo, umekonda."

* * *

Nyumba ya Persio ilikuwa karibu na reli ya miwa. Mkewe alimkaribisha Nereida uani, akaenda kumwita mumewe. Nereida hakukaa. Alikuwa akitazama kuku.

Walikuwa kuku saba, na uani palikuwa na mahindi yametawanywa vizuri, lakini hapakuwa na hata kuku mmoja kwenye mahindi. Wote walikuwa shinani pa mgomba mmoja wakipigana mbawa, wakidonoa udongo uliorundikwa pale karibuni. Kuku anayetaga huacha nafaka akiona chokaa. Kila mwanamke aliyefuga anajua; ndiyo maana tunawasagia maganda ya mayai.

Aliwafukuza kwa sketi yake, akainama. Udongo ulikuwa mwekundu, umechanganyika na vipande vyeupe. Bonge moja lilikuwa bado zima, kubwa kama kiatu. Nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu.

"Ungeutupa mtoni," alisema, maana alisikia funguo zimefika nyuma yake.

Persio hakukana. "Udongo wa uwanja hautupwi mtoni, Sajini. Baba yangu aliubeba kwa punda mikokoteni arobaini. Nitautupaje?"

"Ukaja kuulisha mgomba."

"Nilifikiri ndizi hazisemi."

"Ndizi hazisemi, kuku ndio wambeya." Nereida alikaa juu ya gogo. "Haya, nieleze kazi yako. Nataka kujua tu inavyofanyika."

Na kwa sababu alimwuliza kazi, Persio alieleza, kwanza taratibu, halafu mikono ikaanza kuchora hewani. Kuanzia chini ya mstari kwenda nje huongezwa udongo, vidole vinne tu, kwa mteremko mwororo ambao jicho halioni. Mpira wa taratibu ukipanda pale unaishiwa nguvu, unateremka, unarudi ndani. Wa kasi haudhuriki. Ilimchukua Septemba nzima. Don Rogelio ndiye aliyeamuru, kwa ajili ya vijana wenye miguu.

"Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya," alisema, na kidogo atabasamu. Kisha akakumbuka. "Jumapili usiku akanipigia simu. Akasema kabla ya Jumanne pawe tambarare. Nikamwambia kesho ni siku ya Bikira. Akasema Bikira halipi mshahara wako."

"Ukashika jembe."

"Nikashika." Alitazama viganja vyake, mbele na nyuma. "Sijalala tangu siku hiyo. Nasubiri ukauke, huu wa kulia."

"Mkono hautakauka, Persio. Bikira ni mama, si askari. Lakini kuna mzee ameandikiwa matusi ukutani kwa ajili ya vidole vyako vinne vya udongo. Kesho saa sita wanalifuta jina lake. Huko kwenye jina lake ndiko kunakokauka."

Mke wa Persio alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya kahawa muda wote ule. Aliviweka chini.

"Kumbe hukuwa unaharisha," alimwambia mumewe. "Nami nimekuwashia mshumaa wa tumbo!"

* * *

Alhamisi, saa sita kasoro robo, ofisi ya Don Rogelio Santelises ilinuka nta ya sakafu na sigara. Dirisha lake kubwa lilitazama uwanja mzima. Licenciado Figuereo, mwanasheria na mkurugenzi wa Ligi, alikuwa amekuja kutoka mji mkuu na kalamu tatu mfukoni. Don Ulises alikaa wima karibu na dirisha, kofia yake ya uamuzi magotini.

"Sajini," alisema Licenciado, "saini tumeipata?"

"Hapana, Licenciado. Nimepata udongo."

Aliweka bonge lile juu ya meza, juu ya gazeti. Pembeni yake akaweka kipande alichokata mstari wa kwanza, na pembeni ya hicho kile cha mstari wa tatu. Hakusema mengi. Alionyesha kwa kidole: hiki kina msimu mzima, hiki kina siku tatu, na msimu uliokosekana hapa ndio huu uliokutwa chini ya mgomba.

Don Rogelio alicheka. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole safi. "Udongo! Mama, nchi hii yote ni udongo. Na chokaa iko hata chooni kwangu. Mimi nimebiringisha mipira ishirini mbele ya magazeti."

"Jumanne," alisema Nereida. "Mbona si Jumatatu, damu ya watu ilipokuwa bado moto?"

"Jumatatu ilikuwa sikukuu! Hakuna aliyefanya kazi."

"Mmoja alifanya."

Mlango ulifunguliwa. Persio alikuwa amevaa suti ya misa, na mkewe alikuwa nyuma yake, amemshika kiwiko kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

"Persio, rudi kwenye kazi yako," alisema Don Rogelio.

"Nimekuja nayo, Don Rogelio." Alifungua funguo mkandani, moja kwa moja zote kumi na kitu, akaziweka juu ya gazeti kando ya bonge. "Licenciado, mteremko niliujenga mimi Septemba, na mimi ndiye niliyeufuta Jumatatu, kwa amri ya huyu. Jumapili ulikuwepo. Mpira ule ulikuwa lazima urudi. Niliujenga urudi. Usingerudi, ningeona aibu ya kazi yangu."

Licenciado alimgeukia Don Rogelio taratibu.

"Na hata kama!" Don Rogelio alipiga meza, bonge likaruka. "Nionyesheni kanuni inayokataza! Uwanja ni nyumba yangu. Kila klabu inapanga nyumba yake. Wengine wanamwagia maji, wengine wanaacha nyasi ndefu, mnajua!"

"Kanuni hiyo sikuitafuta," alisema Nereida. "Uliutega mtego kwa ajili ya wageni, ukakushika mguu wewe. Hilo ni lako na watu wako. Lakini ulijua kwa nini mpira umerudi. Uwanja mzima, ni wewe na huyu peke yenu mliojua. Ukasimama kwenye redio ukasema mzee huyu ameuza mchezo."

Nje, kengele ya kiwanda ikapiga saa sita.

Licenciado alichukua barua aliyokuja nayo, ya kumfukuza Don Ulises, akaichana vipande viwili, akavitia mfukoni. Halafu akatoa karatasi nyingine na kulainisha sauti yake.

"Don Ulises, hilo limekwisha. Jina lako halifutwi. Sasa tuwe watu wazima. Mji una hasira, na Don Rogelio ni mtu mwenye... ni mtu muhimu kwetu. Udongo huu hauna haja ya kutoka humu ndani. Andika mistari miwili tu: kwamba vumbi lilikuwa jingi, kwamba ulikuwa na shaka. Shaka si dhambi. Oktoba unarudi kazini, na watu watakusamehe."

"Watamsamehe nini?" Nereida aliuliza.

"Sajini, kazi yako imekwisha. Nashukuru."

"Imekwisha, ndiyo. Ndiyo maana ripoti yangu nimekwisha kuipeleka posta, nakala moja kwa kila klabu. Stempu nimenunua mwenyewe."

Don Rogelio alisema neno ambalo haliandikwi. Mke wa Persio akajifanyia ishara ya msalaba.

Licenciado alifuta jasho, lakini kalamu hakuiondoa. Aliisogeza mbele zaidi, hadi ukingoni mwa meza. "Hata hivyo, ni wewe uliyekuwa pale, mzee wangu. Ripoti ni karatasi. Watu watataka kukusikia wewe. Kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya amani: unasemaje kuhusu mpira ule?"

Don Ulises alisimama. Aliivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa vidole viwili. Kupitia dirishani mstari wa tatu ulionekana mweupe juani, mpya, haujachezewa mchezo hata mmoja.

Alinyoosha mkono wake wa kulia kuelekea ndani ya uwanja. Aliushikilia pale, bega limekaza, kiganja kimefunguka, muda ule ule alioushikilia Jumapili, hata Don Rogelio akatazama chini.

Kisha akaushusha, akafungua mlango, akatoka bila kusema neno.